Kidole Nilichoogopa Kudunga

Dada Felista,

Leo nimeendesha gari kutoka Euless mpaka kwako Alief, saa nne za barabara za hapa Texas, bila mtu wa kunipigia simu kila saa kuniuliza nimefika wapi. Simu zako zilikuwa zikinikera, unajua. Leo nimeiweka simu kwenye kiti cha pembeni nikawa naitupia jicho njia nzima, kama mjinga.

Nimekuja kwa ajili ya majibu ya damu ya binti yako Nekesa. Lakini kwanza kuna jambo sijawahi kukuambia.

Ile Krismasi yako ya mwisho uliinuka mezani mara tatu kwenda msalani, na jagi la maji ukalimaliza peke yako. Mimi nilijua. Dada, nilijua. Miaka yote hii kazi yangu ni kudunga wagonjwa vidole na kusoma namba. Kale kamashine ka kupima sukari kalikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti nilichokalia. Ilikuwa ni kuinama tu.

Sikuinama. Mdogo atamdungaje mkubwa wake mbele ya wageni? Wewe ndiye uliyenilea mama alipokuwa shambani, na mezani kwako anayekataa chakula ameitukana nyumba. "Kwangu mtu haondoki tumbo likiwa na nafasi," ulizoea kusema. Nikanyoosha sahani, ukaniongezea ugali. Ukatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai yako, ukaniona nikivihesabu.

"Selina, usiniletee hospitali nyumbani."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka zaidi, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Nawe hukuwa mgeni wa mambo haya. Ulitunza wazee wa watu zamu mbili kwa siku, ukawakatalia soda kwa upole, kisha ukaingia garini ukafungua ya kwako. Mganga hajigangi, na sisi tulikuwa waganga wawili meza moja. Ulipoanguka kazini, sukari ilikuwa imekwisha kuharibu figo. Hukumaliza hata mwezi.

Siku ya mazishi nilimkumbatia Nekesa nikaiona shingo yake. Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwenye mikunjo, weusi usiotoka kwa sabuni. Nimeuona kwa wagonjwa wengi; ni mwili unaoanza kushindwa na sukari. Msichana wa miaka ishirini na minne. Niliogopa kuliko nilivyoogopa jeneza lako lilipokuwa likishuka, unisamehe kwa kusema hivyo.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nilikatoa kale kamashine nikakaweka mezani kwako, kati ya chapati na kuku. Shemeji alinitazama kana kwamba nimeweka kiatu.

"Anti, niko fine," Nekesa akasema. Sauti ilikuwa yako kabisa.

Nilijidunga mwenyewe kwanza nikawaonyesha namba yangu, nayo haikuwa ya kujivunia. Shemeji akanyoosha kidole. Nekesa akafuata, akiwa ameangalia ukutani. Nikampeleka akapimwe damu vizuri, na daktari akasema bado hajaugua ila amefika mlangoni, na kutoka hapo mtu anaweza kurudi.

Basi tukaanza kurudi. Sufuria yako ya ugali nimeificha, tunapikia ile ndogo. Sukuma wiki inaliwa kwanza, ugali baadaye. Soda haiingii tena nyumbani. Wiki ya kwanza shemeji alikunywa chai bila sukari huku amefumba macho, na sasa ananiambia eti anasikia ladha ya majani. Jioni Nekesa na babake wanatembea kuzunguka mtaa, nami nikiwepo naungana nao. Unawajua watu wa Alief, hata duka la ng'ambo ya barabara wanaliendea kwa gari. Mama mmoja wa kanisani alisimamisha gari kando yetu akatuuliza gari letu limeharibikia wapi. Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke.

Hiyo ni miezi mitatu sasa, dada, na leo majibu yametoka. Sukari imeshuka. Haijafika pazuri, lakini imeshuka. Mwanao aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaenda kukaa kwenye kochi lako, pale palipobonyea kwa kukaliwa na wewe, ambapo tangu uondoke sote tulikuwa tukiogopa kukaa. Akalia, nami nikalia naye.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi nitamfundisha kurudisha sahani ikiwa na nusu ya chakula, na bado aitwe mtoto mwenye adabu. Nitamdunga kidole hata akinichukia. Najua hayo yangekuudhi. Natamani ningekuudhi ile Krismasi, ukaninunia mpaka leo.

Mdogo wako,
Selina