Kaburi la Bibi Ukingoni

Jumatatu, 4 Machi

Tumeondoka asubuhi: mimi, Shangazi, na nahodha wa boti aitwaye Haraka — mzito kuliko kobe. Bibi, mama yake Shangazi, kazikwa mji wa kale, ndani kabisa ya delta. Tumesikia mto unakula makaburi. Tukilikuta lake, tuhamishe mifupa, ikazikwe kwetu, pakavu. Nimebeba sururu na shuka jipya. Anayetuona atadhani pikniki.

Ramani nilinunua kwa muuza vitabu chakavu. Kwa mujibu wa ramani hiyo ya zamani, mchana tumepita na boti katikati ya soko. Hakuna aliyetuuzia kitu.

Jumanne, 5 Machi

Tumepotea! Haraka hujua milango ya mto kwa ulimi. Anachota maji kiganjani, anaonja, anatema. Ya chumvi — pita. Matamu — ndio mlango wa mji wa kale. Leo kaonja, kashangilia, tukaingia. Mikoko. Tope. Ndege wa kutudharau. Mji hakuna! Kumbe mvua za bara zimejaza mto, milango yote mitamu.

Shangazi kamwambia ulimi huo ungefaa jikoni.

"Mama, ulimi huu haujawahi kunidanganya," kajibu Haraka.

"Basi umeanza na mimi."

Siku imeliwa. Kila ukingo ukiporomoka majini, Shangazi anageuza shingo. Chakula hakugusa.

Jumatano, 6 Machi

Tumefika, baada ya kujaribu mlango mmoja mmoja! Kuta bila mapaa. Kisima kimesimama wima kama bomba la moshi — udongo uliokizunguka umeshakwenda na maji. Na kaburi lipo! La mwisho kabla ya mto.

Nikashika sururu. Shangazi: ngoja kwanza. Kapapasa jiwe, kisha:

"Tulimbembeleza ahamie kwetu akiwa hai, akakataa. Leo nimbebe kwa vile hawezi kunijibu?"

"Shangazi, mto nao haumwombi ruhusa."

"Mto si mwanawe."

Nimejisomea mengi, hilo sikulikuta popote.

Haraka anapiga kelele kutoka botini: maji yanakupwa, tukichelewa tutakwama topeni mpaka kesho! Nasubiri neno moja tu — chimba, au twende. Naandika nimekalia mpini wa sururu.

Haraka kaita tena. Shangazi hakugeuka. Kavua viatu, kavipanga pembeni vizuri, kama afanyavyo akifika mlangoni kwa mtu, akingoja kuambiwa karibu.