Sura ya Kusoma Nyumbani

10 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo? Magoti yanasemaje? Sisi tuko salama, ila usingizi umenihama.

Darasani tumemaliza sura ya kujikinga na magonjwa: kunawa mikono, kuchemsha maji, minyoo. Inayofuata ni ya uzazi. Mwalimu mkuu kaniambia yaleyale ya kila mwaka: "Waambie wakaisome nyumbani. Wazazi watatuchachamalia." Safari hii nilikataa, nikaandika kichwa cha somo ubaoni. Kugeuka, nikamwona mwanao Kidoti dawatini, kavaa sweta lake na joto lote lile. Nikafuta ubao.

Dada, niruhusu niiruke.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika nikiinuka, lakini yananifikisha.

Hata mimi namsikia pale bombani akinawa mikono, akihesabu kwa sauti kama ulivyomfundisha. Magonjwa aliyajua kuliko mimi. Tumbo lilipoanza kuchezacheza alicheka: "Mama, minyoo yangu inacheza mpira!" Akanywa dawa ya minyoo. Hakuna aliyewahi kumweleza mimba inavyoingia, wala inavyojionyesha. Tulijua siku ile alipotokwa na damu, na tukawapoteza wote wawili.

Sikuruhusu. Alhamisi nakuja. Nitakaa kwenye dawati lake, ili ukigeuka umwone mtu aliye hai.

Dada yako

27 Machi

Mdogo wangu,

Natumai hujambo, na usingizi umekurudia. Mimi nimefika salama.

Mwanzoni uliikandamiza chaki mpaka ikakatika. Lakini ulisema yote: hedhi, mimba, magonjwa ya zinaa, na mtu wa kumwendea ukiwa na hofu. Yule binti niliyekaa naye aliniona nimetoa macho, akaninong'oneza, "Mama, kwani na wewe hukufundishwa?"

"Hata siku moja, mwanangu."

Akaziba mdomo asicheke, kisha akakisogeza kitabu chake katikati, tukasoma wote. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni hadi mwisho.

Kwenye gari la kurudi nilikaa kiti cha upande wa njia, nikamwachia Kidoti upande wa dirisha, anaoupenda. Abiria mmoja akauliza kama pana mtu. Nikayavuta magoti yangu, nikampisha.

Usiningoje tena mimi ili ufundishe. Lile dawati mpe mwanafunzi. Ila mwaka ujao, ukifungua sura ile, unikumbuke.

Dada yako