Mama na Sumaku ya Mwana wa Mhunzi

Carrollton, Texas
9 Novemba 2025

Mpendwa kaka Onyancha,

Bwakire buya mono! Naanza na salamu ya kwetu kabla Kiswahili hakijashika usukani. Hamjambo huko Kisii? Mgongo wako je, umepoa, au bado unaubishia kwa kulima mwenyewe? Wifi Kerubo aliniambia mvua ilikuja na mawe. Natumaini mahindi yalipona. Sisi tu wazima. Mume wangu Elphas anafanya zamu ya usiku juma hili, kwa hiyo anakoroma mchana kutwa na sisi tunanong'ona kama wezi.

Nakuandikia juu ya Mama. Usishtuke, yuko hapa kando yangu anachambua mboga za managu. Unajua tangu Agosti amekuwa akisahau. Si miwani tu, miwani hata mimi husahau. Anasahau kwamba tumekula. Daktari akataka apigwe picha ya ubongo kwa ile mashine ya sumaku, MRI.

Hospitalini hawakubali mtoto amtafsirie mzazi wake, hata mtoto mwenyewe akiwa nesi. Wakatupa mkalimani kwa simu, Mrundi mpole wa Houston aitwaye Severin. Kabla mgonjwa hajaingia kwenye sumaku, lazima aulizwe kama ana chuma mwilini. Severin akauliza, "Mama, una chuma chochote?" Sasa kaka, hebu yasome maneno hayo kwa sauti, kisha mkumbuke mama yetu na maisha yake yote ndani ya majani chai. Akajibu kwa fahari, "Nilichuma tangu nikiwa msichana! Ni magoti tu yaliyokataa." Simu ilikuwa inakwaruza. Severin akawaambia ni chuma, kimo magotini, tangu usichana. Picha ikaahirishwa palepale. Nilicheka hadi nikatoka chumbani, na niliporudi kueleza, nafasi yetu alikuwa amepewa mtu mwingine.

Tukapangiwa siku ya pili, lakini sasa Mama alikuwa amelisikia neno sumaku. Akagoma.

"Siingii nyumba ya mtu nisiyemjua," akasema. "Hiyo sumaku ni ya nani? Ni mtoto wa nani?"

Unamjua akishaanza. Nikamwambia mashine yenyewe imetengenezwa na watu wengi, ila ukifuata mzizi utamfikia Mwingereza mmoja wa zamani, Michael Faraday, yule uliyekuwa ukiwafundisha wanafunzi wako kisha unarudi nyumbani kutuchosha naye. Safari hii nilimsoma mwenyewe, na sikutaka kukiweka kitabu chini.

Mama aliuliza maswali ya mtu anayeposewa binti. Baba yake? Mhunzi, tena mgonjwa mgonjwa, na chakula nyumbani kilikuwa haba. Shule? Kidogo sana. Alikuwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akawa anavisoma kabla havijarudi kwa wenyewe. Kanisa? Mzee wa kanisa, kanisa dogo la watu wachache. Hapo Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walitaka kumpa cheo aitwe Sir, akakataa. Serikali ilipomwomba awasaidie na gesi ya sumu ya vita, akakataa pia. Watoto? Hakupata. Mama alimsikitikia kama jirani.

Kisha akataka kujua huyo mtu alifanya nini hasa. Nikamweleza nilivyoelewa: aliingiza sumaku katikati ya waya uliozungushwa, na umeme ukapita. Lakini ulipita sumaku ikiwa inasogea tu. Ikitulia, hakuna kitu. Nasoma kwamba hata jenereta zinazowasha taa zenu zinafuata jambo hilohilo.

"Na nani alimwambia aisogeze?" Mama akauliza.

Wewe una jibu, mwalimu? Na nisaidie na swali langu: mgonjwa ndani ya MRI anaambiwa atulie tuli. Sasa ni nini kinachosogea? Elphas anasema ni maji ya mwilini mwetu, eti yana visumaku vidogo sana vinavyozunguka. Nieleze bila hesabu nyingi. Faraday mwenyewe hesabu haikuwa rafiki yake.

Jambo moja nilikuwa nimeapa kulinyamazia. Mama akaliendea moja kwa moja: "Uzee wake ulikuwaje?" Kumdanganya Mama sijawahi kuweza. Nikamwambia kwamba kumbukumbu ilimtoroka, hata akawaandikia rafiki zake kwamba ya jana yanampotea leo. Nikajua nimeharibu kila kitu.

"Kumbe ananijua," akasema. "Basi nipeleke."

Aliingia Jumanne, akatulia vizuri kuliko vijana. Hakuna uvimbe, Mungu ashukuriwe. Lakini ubongo umeanza kusinyaa pale panapotunza mambo mapya, na daktari hakunificha: dawa zinaweza kumsaidia kidogo, hazitaurudisha ulivyokuwa. Nililia garini, kaka. Mama ndiye aliyenipangusa machozi, akaniuliza nani amenikosea.

Msalimie wifi Kerubo na watoto wote, na baba mdogo Nyakundi, mwambie mkongojo wake mpya nimeshautuma. Mola awafunike kwa mbawa zake.

Nina ombi moja. Simu yako ya Jumapili Mama huifurahia sana, lakini jioni yake ananiuliza mbona Onyancha hapigi. Usimlaumu, wala usijilaumu. Mwandikie barua. Mwandikie kwa Ekegusii, iwe ndefu, uweke ng'ombe, majirani, na nani kaoa nani. Nitamsomea kila asubuhi, na kila asubuhi itakuwa ndiyo kwanza imefika.

Dada yako akupendaye kwa moyo wote,
Lydiah