Chupa Tisa Ndani ya Achari

Malindi, Ijumaa, Februari 1986. Jua la kupasua kichwa, na changu kilishapasuka tangu asubuhi.

Jumatano nilipoteza chupa tisa za mvinyo mweupe wa Kifaransa. Sikuibiwa. Hazikuvunjika. Mvinyo umo ndani ya achari ya maembe, juu ya dari yangu mwenyewe, unaota jua.

Wala si wangu. Ni wa Mfaransa mmoja anayepanga chumba kwangu kila mwaka. Aliniachia chupa kumi na mbili nimtunzie, akasema zikilala ndipo zinaponoga. Kwao Graves, karibu na mji wa Bordeaux, mizabibu humea kwenye kokoto zilizoletwa na mto. Mimi kokoto nazijua kwa zege tu. Huchanganya zabibu za namna mbili: moja kali kama ndimu, ya pili nzito, ina asali, na hiyo asali hutaka miaka ndipo ijitokeze. Basi nikazilaza chini ya ngazi, kwenye mchanga wa mitungi ya maji, penye baridi.

Sasa Kahindi, mtu wangu wa baa. Kwao Junju, babake mgema, babu yake mgema. Bi Zuhura, mpishi wangu, aliishiwa na siki na maembe yalishakatwa. Kahindi akasoma mwaka kwenye chupa, 1978, akaonja, akakunja uso, akamimina tisa kwenye dumu, akampelekea.

"Mama, tembo la juzi tu ni siki," ananiambia bila wasiwasi, "sembuse hili la miaka minane?"

Miaka minane! Hesabu ya kutoa anajua, kuuliza hajui.

Leo nimefungua moja kati ya tatu zilizobaki. Ukali kwanza, kweli. Nikangoja, kama Mfaransa alivyonifunza, na asali ikaja. Si siki. Haijapata kuwa siki.

Zimebaki mbili.

Mfaransa nitamlipa. Nilianza na karai moja la mahamri, leo nina vyumba vinane. Deni halijaniua bado. Lakini Bi Zuhura nitamlipa nini? Tuko naye tangu karai. Siku nilipofungua baa tulipatana: jikoni kwake haliingii tone la kileo, hata bilauri za baa haoshi. Na kesho, baada ya sala ya adhuhuri, achari ile inakwenda kwenye walima wa harusi ya mjukuu wake, ukoo mzima uile.

Jioni alinipitia akijifunga buibui. "Mwanangu, siki ya safari hii ina harufu nzuri. Umeipata wapi?"

Nikamwambia nitamuuliza Kahindi. Nikamwendea Kahindi. Eti, "Mama, mtu akila bila kujua, dhambi iko wapi?"

Huko ndiko tulikofika.

Siki ya dukani nimeshanunua, maembe mengine yanakuja alfajiri; achari haitawahi kuiva, lakini chatini ya papo hapo itapatikana. Kilichobaki ni kinywa. Nimemwambia Kahindi usoni, na hapa naandika nisije nikalainika: aliyemimina ndiye atakayesema.

Kahindi, utamwambia Bi Zuhura mwenyewe, au nimwambie mimi nawe urudi Junju ukagema? Sitaki "Mama, ngoja kidogo." Ndiyo au la, kesho, kabla ya adhana ya adhuhuri.