Harusi ya Kutafutia Kazi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na hasira nazo zimepungua kidogo. Mimi sijambo. Nimekonda, lakini ni kule kukonda kwa kawaida kwa mtu anayejipikia. Nisalimie Dada na wanawe, na umwambie kwamba ujumbe wako alinifikishia kama ulivyoutoa, hakupunguza hata neno moja, nami niliusikiliza nimesimama wima mpaka ulipokwisha.

Ujumbe ulisema umeiona picha. Kwamba Shangazi aliituma kwa ukoo mzima, ikakufikia wewe mwisho, tena kupitia kwa jirani, na kwamba mtoto uliyemzaa mwenyewe ameoa bila kukwambia, kana kwamba wewe ni mpita njia. Dada anasema tangu siku hiyo salamu unaitikia kwa kichwa tu. Mama, nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na kisa hiki kikikatizwa katikati nitaonekana mwongo. Nakuomba usome mpaka mwisho. Ile uliyoiona kwenye picha haikuwa harusi.

Nianze na kazi, maana ndiyo chanzo cha yote. Kazi ya u-DJ imelala. Zamani mtu akitaka kuoa alinitafuta mimi kabla hata mchumba hajakubali. Sasa uchumi umewabana watu, wanaoana kimyakimya, na nyimbo zinatoka kwenye simu ya binamu iliyotumbukizwa ndani ya sufuria ili sauti ikue. Wachache wanaonijia, wananijia na maajabu. Mmoja aliniuliza kama bei itashuka nikienda na spika moja. Mwingine alitaka kununua muziki kwa wimbo, kama anayenunua nyanya kwa fungu. Akachagua wimbo wa kuingilia na wa kukatia keki, akasema hapo katikati watapiga soga wenyewe. Kampuni iliyokuwa ikiniita kila mwisho wa mwaka imenijulisha kwamba safari hii wafanyakazi watasherehekea moyoni. Spika zangu zimejipanga sebuleni kama wageni waliokataa kuondoka. Juu ya moja napigia pasi, juu ya nyingine nimeweka jiko, na mke wa mwenye nyumba ameshaniuliza kama ile ya pembeni inauzwa, maana ingemfaa kwa kabati la vyombo.

Si mimi peke yangu. Sote tuliokuwa tukikutana kwenye harusi za watu, sasa tunakutana kwenye stoo ya Mpambaji kupiga miayo. Yupo mpishi, yupo mpiga picha, na yupo mshereheshaji wetu tunayemwita Bwana Tafadhali, kwa sababu hata akiomba chumvi anaiomba kama anayeita meza kuu kusimama. Mpambaji mwenyewe ni dada mmoja mchapakazi, mkali kidogo, anayeweza kufunga kitambaa kwenye kiti huku anakusema, na vyote viwili akavifanya vizuri.

Wazo lilitoka kwa Bwana Tafadhali. Alisema watu wamesahau utamu wa sherehe, kwa hiyo tuwakumbushe. Tufanye harusi ya mfano, mchana kweupe, kwenye uwanja wa gereji iliyofungwa, kila mtu aonyeshe ufundi wake, na wapita njia waulize bei. Wote tuliafiki, wakabaki maharusi tu wa kutafutwa. Mke wa Bwana Tafadhali alimkataza mumewe kuoa hata kwa utani. Mpiga picha alisema hawezi kujipiga mwenyewe. Mpishi tulimjaribisha suti ikagoma mabegani. Nikabaki mimi, ambaye suti ilinienea yote isipokuwa suruali, ambayo iliishia juu ya soksi kama ulivyoona. Kwa upande wa bibi harusi hakukuwa na mwingine asiye na mume ila Mpambaji, naye alikubali kwa sharti kwamba asilazimishwe kukaa tu kama sanamu.

Mama, sisi tumehudhuria harusi nyingi kuliko mtu yeyote, lakini siku ile niligundua hakuna kati yetu anayejua kukaa. Viti vilipambwa vikapendeza, na hakuna aliyevikalia. Mpishi alisimama nyuma ya masufuria, mpiga picha alirudi nyuma mpaka akaingia kwenye mtaro. Mimi kila wimbo ukikaribia kuisha niliinuka kwenye kiti cha bwana harusi, nikakimbilia mashine, nikabadilisha, nikarudi kutabasamu. Bibi harusi naye alikuwa amegeuka, anabana pazia lililolegea nyuma yetu, pini mdomoni. Hapo ndipo Shangazi alipopita kutoka sokoni na simu yake. Umesema macho yangu kwenye picha ile ni ya mtu aliyeoa. Nilikuwa naiangalia ile pini, Mama. Niliogopa asije akaimeza.

Kilichotuharibia ni wenyeji wa mtaa. Bwana Tafadhali alitangaza kwamba tafadhali, hii ni harusi ya maonyesho, na watu wakavunjika mbavu, wakasema mshereheshaji huyu ana vichekesho. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyopiga makofi. Wakavikalia vile viti, wakala chakula cha maonyesho chote, kisha wakatoka mmoja mmoja wakarudi na zawadi. Tulipewa beseni, chupa ya chai, mashuka, na ndoo mbili zenye mifuniko. Bibi mmoja wa nyumba ya pili alinishika mikono akalia, akaniusia niwe na subira kwa mke wangu, nami kwa kuona haya nikamwambia nimesikia. Bei hakuuliza mtu, ila fundi seremala mmoja tu aliyechukua namba yangu kwa ajili ya harusi ya binti yake.

Tulipokutana stooni kesho yake, Mpambaji alisema yeye hawezi kulala na mashuka ya uongo. Alisema tuzirudishe zawadi zote, nyumba kwa nyumba, sisi wawili tuliozipokea. Nikabeba ndoo, yeye akabeba beseni.

Nyumba ya kwanza tuligonga, tukaeleza kwamba tumerudisha zawadi kwa sababu ndoa haipo. Baba mwenye nyumba alitutazama, akatazama beseni, akatuketisha. Alisema mwanzo wa ndoa ndivyo ulivyo, na kwamba yeye na mkewe waligombana siku ya kwanza kwa ajili ya dirisha. Nilijaribu kumweleza kwamba sisi hatujagombana. Akasema vizuri, basi rudini nyumbani. Tukatoka na beseni letu. Nyumba ya pili yule bibi hakutaka hata kutusikia; aliniuliza subira niliyoahidi imekwenda wapi, akamwambia Mpambaji asinihesabie makosa, wanaume warefu tuna maneno mengi lakini hatuna ubaya. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Tulipatanishwa mtaa mzima, Mama. Tulikatazwa kununiana, tulifundishwa kuombana radhi, na nyumba moja tuliongezewa sufuria ili tutulie.

Tulipofika mwisho wa mtaa, tuna mizigo mingi kuliko tuliyotoka nayo, Mpambaji aliweka beseni chini akaanza kucheka. Mimi sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Kazini huwa ana pini mdomoni. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akasema kwamba dada zake wameolewa miaka na miaka na hakuna aliyepata mawaidha kama haya. Nikamwambia ni hasara yakipotea bure. Aliacha kucheka, akaniangalia, akaniuliza kama hayo nayasema mimi au yanasemwa na suti. Nilikuwa nimevaa fulana. Nikamwambia ni mimi.

Sasa Mama, kama umesimama keti. Yote niliyoandika juu ya picha ni kweli tupu. Siku ile sikuoa. Nimeoa wiki iliyofuata, kwenye ofisi ya msajili wa ndoa, asubuhi, hakuna muziki, hakuna pazia. Mashahidi walikuwa mpishi na Bwana Tafadhali, ambaye msajili alimwomba anyamaze. Picha haipo, maana ile kazi ya seremala iliangukia siku hiyo hiyo na mpiga picha alishatangulia ukumbini. Kutoka ofisini tulipitiliza huko. Mke wangu alivaa dera la kazi akafunga viti vya watu, nami nikapiga muziki wa harusi ya binti wa seremala hadi jioni, na hakuna mgeni aliyejua kwamba ukumbini mna mabibi harusi wawili.

Kwa nini sikukwambia? Nilikuogopa. Miaka yote umesema siku nitakayooa utacheza mpaka viatu viachie soli, na mimi, ninayewachezesha mama za watu wote, sikuwa na uwezo wa kumchezesha wangu. Ningengoja hali itengemae, nawe ungengoja mpaka uzeeke. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, na naona aibu kuliandika. Nimekunyima siku yako. Hilo silitetei.

Msalimie Mjomba, na jirani aliyekuonyesha picha mwambie simlaumu. Goti lipake ile dawa, usiiweke kabatini kama pambo. Mke wangu yuko hapa mezani, amesoma barua yote kupitia begani mwangu na amenisahihisha mahali pa beseni. Anataka kukusalimia kwa mkono wake mwenyewe. Kalamu nimempa, ameishika muda mrefu, kisha ameniuliza kama anaruhusiwa kuanza na neno Mama. Nimemwambia ruhusa hiyo si yangu kuitoa. Basi nafasi ya salamu zake tumeiacha tupu hapa chini, mpaka utakapojibu.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba wako, mpiga muziki