Mbuzi Niliyemchinja Kabla ya Mtihani Wako

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka huko chuoni uliko. Sisi hapa Bariadi ni wazima, pamba imeanza kupasuka, na mimi bado ndiye mama wa binti anayeongea Kiingereza kuliko wote mtaani kwetu. Hilo sitaacha kulisema.

Nimeishia darasa la saba lakini macho ninayo. Nakumbuka ulivyokuwa ukichambua pamba barazani, safi huku, chafu kule, na mdomo unasimulia kwa Kiingereza kama una darasa zima mbele yako. Ukikosea unacheka, unarudia. Nikajua huyu atakuwa mwalimu wa lugha.

Kisha nikafanya lile kosa. Mwaka jana ulipokuja likizo, wiki moja kabla ya mtihani, nikachinja mbuzi na kuita ukoo. Baba yako mdogo akanitania mbele za watu, "Shemeji, hata pamba hatuipimi ikiwa shambani." Nikamjibu, "Hiyo ni pamba. Huyu ni Kabula." Watu wakacheka, wakala, kila mmoja akakushika mkono kukupongeza. Wewe hukula. Nilikukuta jikoni umejiinamia, ukasema, "Mama, nikifeli nitawatazamaje waliokula?" Nikakwambia acha kujidharau, nikarudi kwa wageni.

Ukafeli mtihani wa kuzungumza. Ulinieleza kwamba ulisimama mbele ya walimu wawili, maneno yote unayajua, lakini ukawa unawaona shangazi zako wanatafuna. Nilidhani ni kisingizio, maana hata wenzako uliokuwa unawafundisha wewe walifaulu. Sasa nimeelewa kwamba hawakukuzidi lugha. Wao waliingia na mtihani tu, wewe uliingia na mtihani na mbuzi. Nilitaka ujiamini, kumbe aliyekuwa anajiamini ni mimi, wewe nikakuachia woga.

Jumatatu unarudia, na ukifeli tena chuo ndiyo basi. Najua, na sijamwambia mtu. Jana shangazi yako kaniuliza gengeni, "Wifi, Kabula anafanya lini mtihani?" Nikasema sijui. Mimi huyu, nikasema sijui. Ulimi uliniwasha mpaka nyumbani.

Kwa hiyo ingia ukaongee na hao walimu wawili, basi. Hapa hakuna anayesubiri. Ukisahau neno, cheka, rudia.

Ukifaulu, nipigie mimi kwanza, kutangaza niachie. Ukifeli, usije na basi la jioni ili usionekane. Panda la asubuhi, ushuke stendi mchana watu wakiwepo. Nitakuwa nimesimama pale na kitenge changu kipya, na atakayeuliza huyu ni nani nitamwambia ni mwanangu.

Mama yako,
niliyefunga mdomo mpaka Jumatatu