Dua Isiyo na Picha

Kihonda, Morogoro
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Yassin,

Assalaamu alaykum. Huku tunashukuru, isipokuwa macho. Kuediti harusi za watu miaka kumi na tisa kumeniachia machozi yasiyo na sababu. Kifua cha baba kinaendeleaje? Na mkeo Mwanaima, tumbo halijamchosha?

Ujumbe wako nimeusoma mara nne. Baba kasema maulidi ya mwaka huu ndiyo ya mwisho kuyasomesha, na kama nataka apigwe video, basi apigwe, mara hii moja. Baba huyu huyu aliyenichania picha zote siku ya harusi yako, akasema nyumba yake haikai masanamu. Tangu siku ile hanitaji jina, mimi ni "huyo wa Morogoro". Sasa kasema apigwe, ila hakusema nije. Kwa hiyo nakutumia kamera kwa basi, na maelezo nayaandika, maana kwenye simu utayasahau.

Usiishike mkononi, ifunge kwenye stendi. Fremu nimeweka ishirini na tano kwa sekunde, kasi ya shata hamsini, usiziguse. Kukiwa na giza fungua lenzi zaidi kwa kigurudumu cha juu. Kabla hamjaanza, piga picha kanzu nyeupe pale pale watakapokaa, kisha ichague kwenye menyu, kamera ijue weupe wa hapo ni upi. La sivyo baba atatoka wa njano kama mgonjwa wa ini. Kule kamera kujilenga yenyewe kuzime, maana mtu akipita mbele, kamera inamfuata yeye.

Sauti ya kamera usiitegemee, inasikia upepo kuliko mtu. Ndani ya boksi kuna simu yangu ya zamani. Iwashe irekodi, itie mfukoni mwa kanzu ya baba, kisha piga kofi moja mbele ya lenzi. Kofi hilo ndilo litakalonisaidia kuoanisha sauti na picha.

Na hili ndilo kubwa. Kamera hii ikirekodi nusu saa inajisimamisha, wala haipigi mlio. Kila dakika ishirini isimamishe mwenyewe, uianzishe tena.

Ni mara moja tu, Yassin.

Dada yako,
Fauzia


Kitomanga
8 Septemba 2024

Shikamoo dada,

Mzigo umefika salama. Mwanaima kajifungua mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillah. Baba anakohoa lakini anakula.

Nafanya mazoezi kila nikitoka shambani, mgongo ukikubali. Jirani yetu Monika nimempiga akibangua korosho. Akaniambia, "Yassin, unanikodolea kama daktari. Sema basi, nina ugonjwa gani?" Video ya kwanza alitoka kichwa bila miguu, ya pili miguu bila kichwa. Ya tatu ametoka mzima.

Baba aliiona ile simu. "Hii nayo inapiga picha?" Nikamwambia inasikiliza tu. "Ya kusikiliza lete."

Barua yako nilimsomea yote, hata pale pa macho.

Mdogo wako,
Yassin


Kitomanga
23 Septemba 2024

Dada yangu Fauzia, shikamoo,

Natumai hujambo. Sisi afya ipo, ila mimi moyo wangu haupo sawa, na ninakuomba radhi kabla hujasoma.

Maulidi tumesoma juzi Jumamosi baada ya alasiri, mwanga mzuri. Kanzu nilipiga, kofi nilipiga, saa nilikuwa nayo mkononi, na kila dakika ishirini nilisimamisha nikaanzisha. Kisha watu wakainuka kumsalia Mtume. Dada, mimi nimelelewa kwenye mkeka ule. Nilisimama nikafunga mikono, nikafumba macho, na kamera ikatoka akilini kabisa. Tulipoketi baba akaunganisha dua, nikainua viganja, sikufumbua macho mpaka amin ya mwisho. Nilipotazama, kile kitaa chekundu cha kamera kilikuwa kimezimika. Tangu saa ngapi, sijui.

Kadi ya kamera na simu nimempa kondakta wa basi.

Mdogo wako mkosaji,
Yassin


Morogoro
1 Oktoba 2024

Yassin,

Salaam. Mzima mimi, na mtoto nimbusie.

Kusimama kumekatikia mwishoni. Dua haimo hata neno. Nilikuandikia nikakwambia hili ndilo kubwa! Mungu anisamehe, nimekusema vibaya peke yangu humu studio.

Mwombe baba akae tena. Kanzu ile ile, mkeka ule ule, jua la saa ile ile. Aseme dua dakika tano tu, zilizobaki nitaziunga mwenyewe. Simu sijaifungua. Sauti bila picha nitaifanyia nini?

Fauzia


Kitomanga
9 Oktoba 2024

Shikamoo dada,

Umesema kweli yote na sina hasira.

Baba nimemwomba. Amecheka mpaka kikohozi kikamshika. "Dua imeshakwenda. Nimsumbue Mwenyezi Mungu mara ya pili kwa ajili ya kamera? Mimi si mtu wa maigizo." Hata angekubali, sauti haipo tena, anaongea kwa kunong'ona.

Kwenye kadi zipo video nilizompiga siku ile akinywa kahawa na wazee. Huwezi kuzibandika hapo?

Na simu, dada, ifungue. Sisemi zaidi.

Mdogo wako,
Yassin


Morogoro
24 Novemba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Najua wiki saba ni nyingi. Nilikuwa naziediti harusi za watu, na ile simu nikiipita mezani kama deni. Juzi nikaichaji.

Kwenye dua baba anawataja watoto wake. Wewe. Marehemu ndugu yetu Yahya. Kisha kikohozi, nikadhani kamaliza. "Na Fauzia binti Fakihi, ewe Mola, na macho yake anayofanyia kazi." Nililaza kichwa kwenye kibodi, mpaka kompyuta ikaanza kulia.

Kumbe ulisikia, ukanyamaza.

Za kahawa nilizijaribu. Mdomo unakunywa, sauti inaomba. Kila amjuaye baba angeona ni uongo. Nikaweka mawingu, ikawa kama tangazo la benki. Nikatoa vyote. Tangu pale kamera ilipojisimamisha nimeacha kioo cheusi, dakika kumi na nne, sauti yake tu. Wateja wangu wangedai hela zao.

Flashi hii ni yenu. Nakala nyingine mbili ninazo huku, maana kitu kilicho kwenye flashi moja ni sawa na hakipo. Asipotaka kutazama, msimlazimishe.

Dada yako,
Fauzia


Kitomanga
8 Desemba 2024

Dada yangu, shikamoo,

Tunaendelea, japo korosho mwaka huu zimetumaliza nguvu. Baba halali vizuri, lakini ametulia.

Nilisikia, ndiyo. Ndiyo maana sikufumbua macho, yalikuwa yamejaa. Sikukuandikia kwa sababu jina lako nilitaka ulipate kwake, si kwangu.

Jana tumeitazama kwenye televisheni yangu, baada ya adhuhuri. Mwanzo wote baba aliutazama mkeka aliokalia. Mara mbili tu aliinua jicho, akasema kilemba kilikaa upande. Ikafika pale peusi. Monika akaruka, "Jamani, umeme tena!"

Baba akainua kichwa. Akatazama pale peusi, hakupepesa, mpaka dua ikafika mwisho. Kisha akamnong'oneza Monika, "Umeme upo, mama. Fauzia amefumba macho."

Leo asubuhi kaniita. "Irudishe. Pale pa Fauzia." Tumeirudisha mara tatu. Ya tatu akauliza, "Kutoka Morogoro mtu anafika siku ngapi?"

Mdogo wako,
Yassin


Morogoro
12 Desemba 2024

Yassin,

Siku mbili, mwambie. Nalala Dar, Jumapili nashuka hapo barabarani.

Kamera itoe betri, uiweke juu ya kabati.

Fauzia binti Fakihi